Ndege tunalipa keshi, boma la zahanati linasubiri "upatikanaji wa fedha". Hivi vipaumbele vyetu anavipanga nani?

Ng'ombe wa Maskini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu. Atakayechangia namwomba asome hadi mwisho kwanza, maana najua kuna mtu kashaanza kuniandikia "mpinga maendeleo" kabla hata hajafika aya ya pili.

Tuanze na hesabu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2023/24, ile Kichere aliyomkabidhi Rais Machi 2025, inaonyesha shirika letu la ndege, ATCL, lilipata hasara ya Sh bilioni 91.8. Mwaka uliotangulia hasara ilikuwa bilioni 56.64. Na hiyo bilioni 91.8 imekuja pamoja na Serikali kumwaga ruzuku ya bilioni 99.8. Sasa chukua bei ya Serikali yenyewe: wananchi wakishanyanyua boma la zahanati, halmashauri huletewa Sh milioni 50 za kulimalizia. Gawa mwenyewe. Hasara ya shirika moja kwa mwaka mmoja ni maboma 1,836. Ruzuku sijaigusa. Bei ya ndege zenyewe sijaigusa.

Kwa waliozaliwa mjini nieleze kidogo boma ni nini, kwa sababu mijini neno hili mnalisikia kwenye taarifa ya habari likipita haraka. Mkutano wa kijiji unakaa, mnakubaliana kila kaya itoe kiasi fulani. Asiye na hela anatoa tofali au nguvu. Kina mama wanasomba maji na mchanga, vijana wanafyatua na kuchoma tofali, fundi analipwa kidogo kidogo, kuku kwa kuku, hadi ukuta unafika kwenye lenta. Hapo nguvu za wananchi zinakata. Mbao, bati, dari, plasta, milango na vifaa ni zamu ya Serikali. Ndiyo makubaliano.

Boma la kijijini kwetu limekaa kwenye lenta kwa misimu mingi ya mvua sasa. Tofali za juu zimeanza kumong'onyoka. Ndani umeota mbarika mnene, na chumba kilichopangwa kuwa cha kujifungulia kuna mtu anahifadhia mabua ya ng'ombe wake. Mjamzito akishikwa na uchungu anapakiwa bodaboda hadi kata ya jirani, mume au dada nyuma yake akimshikilia, na begi mkononi lenye mpira wa kulalia, glovu, pamba, wembe na kibana kitovu, vyote vya kununua. Sera inasema huduma ya mama na mtoto ni bure.

Mbunge wetu, na wabunge wengine karibu wote wa majimbo ya vijijini, wameshauliza swali hili bungeni. Jibu mnalijua kwa moyo: Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo na itaendelea kukamilisha maboma kadiri ya upatikanaji wa fedha.

Sasa rudini Septemba 2016. ATCL wakati ule ilikuwa imebaki na ndege moja, Bombardier Q300. Zikaja Q400 mbili mpya, na tukaambiwa kwa majigambo kabisa kwamba tumelipa keshi. Julai 2018 ikaja Dreamliner ya kwanza. Desemba 2018 Airbus A220. Kila ilipotua ndege, magari ya zimamoto yaliirushia maji kulia na kushoto, kwaya, ngoma, viongozi wa dini, mabalozi, matangazo ya moja kwa moja. Na mimi nilifurahi, sitadanganya. Kufikia 2024 ndege zilikuwa 16.

Swali langu ni hili tu. Katika ndege hizo 16, ni ipi iliyosubiri "kadiri ya upatikanaji wa fedha"? Kwenye dirisha la Hazina kuna foleni mbili. Moja ni ya vitu vinavyoonekana kwenye televisheni, hiyo inahudumiwa kwanza na inalipwa kamili. Ya pili ni ya boma, dawa, dawati na kisima, nayo inaambiwa rudi mwakani. Ukubwa wa miradi haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba anayesubiri ni yuleyule kila bajeti.

Na nisiwekewe maneno mdomoni. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, silipingi. Mgao wa umeme wa 2022 na 2023 tuliuonja wote, friji la chanjo nalo linahitaji umeme. Reli ya SGR siipingi, shida ya usafiri Dar hadi Dodoma ilikuwepo na tangu treni ianze 2024 watu wanaipanda. Hiyo ni miradi mikubwa iliyokuta shida ipo tayari. Lakini uwanja wa ndege wa Chato wenye njia ya kurukia ya kilomita 3, uliojengwa nyumbani kwa Rais Magufuli akiwa madarakani, ulikuta shida ipi? Wakati huohuo jengo la abiria la uwanja wa Mwanza, jiji la pili kwa ukubwa nchini, lilikuwa gumzo la miaka.

Msiniambie pia kwamba mambo ya vijijini ni mengi mno hayawezekani. Mwaka 2021 tulipata mkopo wa IMF, Sh trilioni 1.3, zile za UVIKO. Yakaamuliwa madarasa 15,000, kila moja Sh milioni 20. Wakurugenzi wakaambiwa Januari wanafunzi wa kidato cha kwanza waingie. Wakaingia. Mafundi walipatikana, saruji ilipatikana, hata wakuu wa mikoa walipatikana site saa mbili usiku na tochi. Kumbe mambo haya yakitakiwa yanafanyika ndani ya miezi michache, tena nchi nzima kwa mpigo.

Karibuni. Matusi pelekeni jukwaa lingine.

Mzee wa Jamvi

Mleta uzi umeandika vizuri ila umeanzia 2016, unaonekana bado kijana. Ugonjwa huu una umri wa kuoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulinunua rada ya BAE ya Uingereza, pauni milioni 28. Benki ya Dunia walisema ni ghali kupita mahitaji yetu. Hata ndani ya serikali ya Tony Blair, waziri wao wa misaada, Clare Short, aliipinga waziwazi. Tukanunua. Nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inasamehewa madeni na kufuta ada ya shule ya msingi. Kipindi hichohicho ikanunuliwa ndege ya rais, Gulfstream, na Waziri wa Fedha Basil Mramba akabaki akikumbukwa hadi anaingia kaburini kwa kauli ya wananchi kula nyasi ili ndege ipatikane.

Mwisho wa rada mnaujua? Wachunguzi wa Uingereza, SFO, wakaibana BAE, kampuni ikakiri mwaka 2010 kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, na ikalazimika kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Hela ikaingia 2012. Ikanunua nini? Vitabu vya shule za msingi na madawati. Tukaiita chenji ya rada. Kwa hiyo mtoto wa Tanzania alipata kitabu kwa sababu tuliuziwa kitu kwa bei ya ajabu, na aliyehakikisha hela inarudi kununua kitabu alikuwa mzungu. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala.

Hapa Kazi 255

Naomba nijibu bila matusi kama mwenye uzi alivyotaka.

Kwanza, shirika la ndege halipimwi kwa vitabu vyake peke yake. Mtalii akishuka KIA analala hoteli, analipa kiingilio Serengeti, anampa kazi dereva, mpagazi na muuza vinyago. Hayo hayaonekani kwenye hesabu za ATCL. Barabara ya lami nayo ina faida gani kwenye vitabu vya wakala wa barabara, TANROADS? Mbona hamuiiti hasara?

Pili, mnaficha takwimu isiyowapendeza. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha akina mama 556 wanafariki kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Ndege zimenunuliwa katika miaka hiyohiyo! Kwa hiyo hiyo foleni ya pili unayosema inarudishwa kila mwaka, mbona imesogea kuliko wakati wowote tangu uhuru?

Tatu, Ethiopia. Wana njaa, wana vita, na wana shirika kubwa kuliko yote Afrika. Wangesubiri kila kijiji kipate zahanati ndipo wanunue ndege, leo tungekuwa tunapanda nini kwenda Guangzhou kufuata mzigo?

Dereva wa Lori

Naunga mkono hoja ya mleta uzi. Tozo ya miamala ya 2021 mmesahau? Unamtumia mama yako hela ya dawa, Serikali inakata kwanza, ukiuliza unaambiwa ni za vituo vya afya. Hela ya ndege haikuhitaji tozo. Hela ya zahanati ndiyo ilihitaji tozo. Nimemaliza.

Ng'ombe wa Maskini (mleta uzi)

Hapa Kazi 255, shukrani kwa kuja na hoja. Nijibu kwa kupangua.

Hiyo 104 naipigia makofi, na tujiulize imetoka wapi. Kuanzia 2017 vituo vya afya vingi viliwekewa chumba cha upasuaji wa dharura, mjamzito aliyekwama akapata kisu karibu badala ya kukimbizwa hospitali ya wilaya. Hayo ndiyo matumizi ninayoyadai. Umenipa ushahidi wangu mwenyewe halafu ukaniambia nisitumie. Hela kidogo ilipopelekwa kule matokeo yakawa makubwa hivyo. Sasa kwa nini kule ndiko kunakobaki kusubiri?

Ethiopian. Lilianzishwa 1945 kwa ubia na TWA ya Marekani, na serikali zote zilizopita pale, ya mfalme, ya wanajeshi wa Derg na zilizofuata, ziliachia wataalamu waendeshe biashara. Sisi ndege hata hazikununuliwa kwa jina la ATCL. Zilikuwa za Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, ATCL akakodishwa. Madhara yake mmeyaona: kwa kuwa ndege ni mali ya Serikali, kila anayeidai Serikali anavizia itue kwake. Agosti 2019 A220 ilikamatwa Johannesburg kwa deni la mkulima aliyenyang'anywa mashamba. Nyingine zikazuiwa Canada. Desemba 2022 Uholanzi, kesi ya mradi wa sukari wa Bagamoyo. Ndege iliyonunuliwa kwa ajili ya heshima ya taifa inageuka dhamana ya madeni ya taifa.

Hoja ya watalii naikubali nusu. Watalii wengi wanaletwa na KLM, Qatar, Ethiopian na Turkish, na hao hatuwalipi ruzuku. Tunachopaswa kuoneshwa ni ATCL ameongeza wangapi ambao wasingekuja. Hesabu hiyo ingewekwa mezani labda ningenyamaza.

Fundi wa Hangari

Kidogo tu kwa faida ya uzi. Sehemu ya hasara ile haimhusu ATCL moja kwa moja. A220 zetu zina injini za Pratt & Whitney, aina ya PW1500G, zenye tatizo lililozisumbua kampuni nyingi duniani. Injini inatolewa mapema kuliko ratiba, inapelekwa matengenezo, foleni kiwandani ni ndefu, na za akiba hazipatikani. Tangu mwishoni mwa 2022 tumekuwa na A220 zinazolala chini. Ndege ikilala, kukodi hakulali, bima hailali, mshahara wa rubani haulali.

Lakini nakubaliana na mleta uzi kwa sababu nyingine. Ukiwa na aina tano za ndege (Q300, Q400, A220, 787 yaani Dreamliner, na 737 MAX, na 767 ya mizigo ukiihesabu ni sita) kwenye shirika la ndege 16, kila aina inataka marubani wake, vipuri vyake, mafundi wenye leseni yake. Mfanyabiashara asingenunua hivyo. Hivyo hununua mtu anayetaka kila mwaka kuwe na sherehe ya kupokea kitu kipya.

Mkenya Jirani

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasoma nikicheka na kulia kwa pamoja. Sisi huku shirika letu la ndege, KQ, tumelibeba miaka na mikaka. Faida ya 2024 ilikuwa ya kwanza kwa zaidi ya mwongo mmoja, na kabla ya hapo Hazina ya Nairobi ilishabeba madeni ya dola yaliyokuwa ya kununulia ndege. Kila mwaka hadithi ni ile ile, eti ni fahari ya Afrika.

Sasa linganisheni. Machi 2024 madaktari wetu waligoma kwa takriban miezi miwili. Moja ya sababu: serikali ilitaka daktari wa mafunzo alipwe Ksh 70,000 badala ya 206,000 waliyokuwa wamekubaliana, ikisema pesa hakuna. Pesa hakuna! Kwa mtoto wa mtu aliyesoma udaktari miaka sita. Shirika la ndege likiyumba, pesa hupatikana wikendi.

Sista wa Zamu

Nimesoma kimya, sasa naomba kuharibu sherehe ya hesabu.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kijijini. Mleta uzi anasema maboma 1,836. Haya, tumeyapaua yote, tumepaka rangi, Mwenge umepita umeweka jiwe la msingi. Nani anaingia ndani? Zahanati haiponi na bati. Hapa nilipo jengo ni jipya kabisa, marumaru zinang'aa, kuna friji la sola, kuna vitanda viwili vya kujifungulia bado vina nailoni. Watumishi ni mimi na mhudumu mmoja. Nikiwa na mama anayejifungua, foleni ya watoto wa kliniki inakaa nje hadi nimalize, na akitoka damu nyingi natakiwa wakati huohuo nimshike, nitundike dripu, nipige simu ya gari na kuandika fomu ya rufaa. Nikienda semina wilayani, tunafunga mlango.

Jengo lisilo na watumishi nalo ni mradi wa sifa. Tofauti yake na Dreamliner ni bei. Mwanasiasa anapenda kufungua, hapendi kuendesha, kwa sababu mshahara wa muuguzi hauna utepe wa kukata. Milioni 50 inatajwa kwenye kila mkutano wa hadhara. Ya kuniajiria mwenzangu sijaisikia ikitajwa, na mitaani wamejaa wauguzi waliomaliza chuo wanauza vocha.

Kwa hiyo mnapodai, daini vizuri.

Ng'ombe wa Maskini (mleta uzi)

Sista, umenifungulia dirisha lingine kabisa. Tazama sasa: ATCL inapewa ruzuku ya uendeshaji bilioni 99.8 kwa mwaka mmoja ili ndege ziendelee kuruka. Maana yake Serikali inajua vizuri sana kwamba kitu ukishakinunua lazima ukiendeshe, na inatenga hela ya kukiendesha hata kikileta hasara. Ufahamu huo unapotea wapi gari linapofika zahanati? Na shule je? Tangu elimu bila ada ianze 2016, fedha ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, na katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni inafika 6,000. Chaki, matengenezo, mitihani, karatasi, kwa 6,000 ya mwaka mzima.

Shabiki wa Mkapa

Mmesahau uwanja wa AFCON 2027 Arusha, watu 30,000, mkataba Sh bilioni 286. Ila huo msiuguse jamani. Tumeteseka sana kwenye mpira, acheni nasi tuandae.

Dereva wa Lori

Shabiki wa Mkapa, bilioni 286 ni zaidi ya madarasa 12,000 ya sekondari kati ya yale 15,000 ya UVIKO, maana hayo yalikula bilioni 240. Nakuuliza tu, baada ya AFCON watu 30,000 wa kujaza uwanja Arusha kila wiki mtawatoa timu gani?

Shabiki wa Mkapa

Utalii wa michezo mkuu. Concert. Mikutano ya injili.

Dereva wa Lori

Haya.

Hapa Kazi 255

Sista wa Zamu amenigusa, nasema ukweli. Lakini bado hamjanijibu: mnataka ifanyike nini? Tuuze ndege? Ndege iliyotumika ukiiuza leo unaokota nusu ya bei. Kulalamika ni rahisi.

Ng'ombe wa Maskini (mleta uzi)

Hakuna aliyesema tuuze. Zilizopo ziruke. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kuongeza ya 17, Bunge liwekewe mezani mpango wa biashara wa ATCL pamoja na orodha ya maboma yote nchini, jimbo kwa jimbo, na mwaka lilipofika lenta, pamoja na ikama ya watumishi ambayo Sista ameitaja. Vitu hivyo vitatu vijadiliwe siku moja, na mbunge apige kura akiwa ameviona vyote. Leo vinajadiliwa kwenye wizara tatu tofauti, Uchukuzi, TAMISEMI (tawala za mikoa na halmashauri) na Utumishi, kwa siku tofauti, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuchagua. Mbunge wangu aliunga mkono bajeti ya Uchukuzi kwa asilimia mia moja, na siku ya TAMISEMI akalia machozi kuhusu boma letu. Hakuona kama vinahusiana.

Mzee wa Jamvi

Na huku chini je? Usisubiri Dodoma.

Ng'ombe wa Maskini (mleta uzi)

Huku chini mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Kwetu ulikuwa haukai. Tumemwandikia mtendaji, nakala kwa diwani, tunataka ajenda mbili: boma letu lipo namba ngapi kwenye maombi ya halmashauri, na kama liliwahi kuombewa fedha kweli. Maana kuna kijiji jirani walisubiri miaka, kuja kuuliza wakakuta jina lao halijawahi kutoka wilayani. Diwani kajibu kwamba atakuja na mhandisi wa ujenzi. Sista, nimeongeza ajenda ya tatu kwa ajili yako: wakishapaua, nani ataletwa, na lini.